Mikono ya Jana

Kila asubuhi nikishavaa glavu, huanza kwa kumshika mzazi miguu. Si agizo la shirika, ni desturi ya kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa: humwingilii mtu tumboni kama mwizi, unaanzia miguuni ili mwili ujue umefika. Mashine nayo huitumia dakika hiyo ya kwanza kunitambua. Hupima ninavyobonyeza, uzito wa kiganja, gumba langu lililopinda, kisha taa ya kijani huwaka ukutani na sauti ya kike isiyo na mwenyewe husema, "Karibu, Mwavita." Nami huijibu, "Usinikaribishe, nimechoka." Wanawake hucheka, ingawa mzaha huo wameusikia mwaka mzima na ushei.

Siku hiyo sikuijibu. Miguu ya Mama Baridi ilikuwa ya moto.

Jina lake halisi hatukulijua. Shirika la Kiganja hutupa namba tu, yeye alikuwa 318, na sisi huwabatiza wateja kwa kile tunachokishika. Tulikuwa na Mama Mapacha, tulikuwa na Mama Magoti, na mmoja tulimwita Serikali kwa sababu mgongo wake haukubali kulegea hata umbembeleze vipi. Huyu tangu siku ya kwanza baada ya kujifungua alikuwa na nyayo za baridi, baridi ya mtu aliyetoka kuchota maji mtoni alfajiri. Alikaa mji fulani wa mbali, katika chumba tusichokijua, na pembeni mwa kitanda chake ilisimama mashine yenye mikono miwili ya mpira laini, beseni la maji ya moto na taulo. Ninachofanya mimi ndani ya glavu hapa kambini Nyamihanga, mikono ile hukifanya kule. Inachokigusa hunirudia viganjani: joto, unyevu, ugumu, ulaini. Sauti hairudi, wala sura. Tulikuwa tukikanda matumbo tusiyoyaona.

"Mbona hutoi mkono?" mwenzangu Masoka aliniuliza. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, amejipaka mafuta mpaka viwikoni. "Zamu yangu hii."

"Ngoja."

"Taulo limerudi majini, Mwavita. Tuna sekunde arobaini."

"Nimesema ngoja, Masoka! Kwani umeitiwa moto?"

Hapo ndipo wote walipojua kuna jambo, kwa maana mimi sipigi kelele. Kelele inahitaji nguvu, na nguvu zangu nyingi nilishaziacha njiani.

Niwaeleze kuhusu hizo sekunde arobaini, maana ndizo zilizotulisha. Kibali cha kazi ya glavu hupewa mkimbizi aliyetimiza miaka kumi kambini, mwenye kadi ya bluu. Katika bloku yetu mwenye sifa hizo nilikuwa peke yangu. Wenzangu kumi na mmoja walikuwa na kadi nyeupe, na kadi nyeupe hairuhusu hata kuuza nyanya nje ya uzio. Basi nikawafundisha kukanda, mmoja mmoja, juu ya magunia ya mahindi na juu ya matumbo yetu wenyewe, na tukagundua kwamba mashine humtambua mtu asubuhi tu, kwa mteja wa kwanza. Baada ya hapo, kila taulo likirudi kwenye maji, mikono ile ya mpira husimama kusubiri. Mimi huchomoa mkono wa kushoto, mwenzangu anatia wake. Nachomoa wa kulia, anatia wake. Mashine haiulizi kitu. Kwa hiyo machoni pa shirika nilikuwa mwanamke mmoja anayekanda wazazi kumi na wanne kwa siku bila kupumzika. Walinitumia hata cheti: Mkandaji Asiyechoka. Mimi, ninayechoka nikimenya muhogo!

Tulicheka siku nzima. Masoka akakitundika mlangoni.

Nilizipandisha glavu tumboni. Siku ya tisa mfuko wa uzazi wa mwanamke unatakiwa uwe umeshuka, umejificha chini kabisa, uutafute kwa ncha za vidole. Wa Mama Baridi ulikuwa bado juu, karibu na kitovu, mlaini kama unga uliozidiwa na maji. Nilipoubonyeza kidogo tu, mwili wote ulijikunja ukanikimbia. Ndani yake nikausikia moyo ukienda mbio.

Ukutani maandishi yalisema: *Hali ya mteja: ya kawaida. Joto: la taulo.* Mashine imefundishwa kwamba mtu anayekandwa kwa maji ya moto lazima awe wa moto. Haikujua kwamba nyayo zake taulo lilikuwa halijazifikia.

"Jana nani alimshika huyu?" nikauliza, maana jana zamu yake ilikuwa alasiri, nikiwa nimeshatoka.

Macho yote yakaenda kwa Nabintu.

Nabintu ndiye mdogo wetu, miaka ishirini na minne. Alikuja kwangu na mkono wa kushoto uliovunjwa na mumewe Bisimwa, mkono uliounga vibaya, na bado ndio mkono mwepesi kuliko yote niliyowahi kuifundisha. Miezi sita nyuma alimwacha yule bwana. Alihamia chumba cha nyuma kwa Masoka, akanunua godoro lake mwenyewe, akalibeba kichwani kupita katikati ya bloku mchana kweupe ili kila mtu aone. Sisi tuliokuwa tumekaa vibarazani tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka.

"Nabintu, jana alikuwaje?"

"Alikuwa... alikuwa na joto kidogo, mama."

"Kidogo namna gani?"

Akatazama chini. "Namna hiyo hiyo."

"Na tumbo?"

"Lilikuwa juu. Nililigusa mara tatu nihakikishe." Akaanza kulia, kilio kisicho na sauti. "Nilidhani litashuka lenyewe. Ningekwambia, mama, ungekanyaga."

Alichosema kilikuwa kweli. Chini ya meza, karibu na mguu wangu wa kulia, kuna pedali nyekundu. Ukiikanyaga, daktari wa shirika huitwa kwenye chumba cha mteja hapo hapo. Na hapo hapo mashine hupeleka makao makuu kumbukumbu za siku saba: kila mguso, kila mwendo wa kidole. Mikono ina mwendo wake kama watu walivyo na sauti zao. Mkaguzi angefungua jina la Mwavita na kukuta wanawake kumi na wawili wamekaa ndani.

Nilitazama saa. Zilibaki dakika arobaini na nne. Saa moja ya mteja ikiisha, mashine yake hujifunga, na pedali haifanyi kazi kwake mpaka kesho. Kwa tumbo kama lile, kesho ni mbali mno.

*

"Mpigie Koku," nilimwambia Masoka.

Koku ndiye msimamizi wetu wa shirika, binti wa Kihaya mwenye adabu, ambaye kila mwezi alikuja kukagua nyaya na hakuwahi hata siku moja kuuliza kwa nini nyumba ya mtu mmoja ina vigoda kumi na viwili. Masoka aliishika simu karibu na sikio langu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini.

"Shikamoo mama Mwavita."

"Marahaba mwanangu. Mteja 318 ana homa. Homa ya uzazi, si ya taulo. Huwezi kuwaambia wampelekee mtu bila mimi kukanyaga?"

"Mama, mimi huku naona hali ya kawaida. Nikipeleka neno lolote wataniuliza nimejuaje. Ukiwa na shaka, pedali ipo." Kisha akashusha sauti. "Naomba usiniambie zaidi ya hapo. Nikishajua, nitalazimika kuandika."

Simu ikakatika.

"Umesikia?" Masoka akasema. "Hata yeye mwenye mshahara anaogopa."

"Nimesikia."

"Basi tulia, Mwavita. Yule ana mji mzima wa madaktari. Ana mume, ana simu, ana gari mlangoni. Akizidiwa si atapiga kelele? Sisi tuna nini? Tuna glavu hizi. Zikiondoka, nani atatupigia kelele sisi?"

Sitaki mtu asome hapa amchukie Masoka. Alisema jambo la akili. Katika wanawake wale kumi na mmoja, wanne walikuwa wakilipia watoto shule ya nje ya uzio. Mmoja alikuwa akinunua dawa ya sukari ya mama yake. Masoka mwenyewe, aliyefika hapa hana hata kanga ya kubadili, alikuwa na cherehani mbili na wasichana watatu aliowafundisha kushona. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya unga walikuwa wameketi na mabega juu. Mimi ndiye niliyewaambia inawezekana. Sasa mimi ndiye nitakayewaambia warudi foleni?

Nilijaribu njia nyingine. Niliacha kukanda. Nikaishika miguu yake kwa nguvu, nikatulia kabisa, bila kusogeza kidole, ili ashtuke aone mashine imegoma, amwite mtu. Nikahesabu hadi mia. Nikagonga unyayo kama mtu anayebisha hodi. Mashine hainiruhusu kufika kichwani, la sivyo ningeuchukua mkono wake mwenyewe nikauweka kwenye paji la uso wake, nikamwambia jishike, mama, jishike uone. Nilipogonga mara ya tatu tumbo lake lilitikisika. Labda alicheka, akadhani ni hitilafu. Labda alikuwa akilia. Kwa glavu, kicheko na kilio ni kitu kimoja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mmoja wao kule nyuma, kwa sauti ndogo.

"Maradhi si yetu!" Masoka akamkemea.

Nabintu alikuja akapiga magoti kando ya meza. Hakunishika. "Mama Mwavita, mimi sina maneno mengi. Kazi hii ikiisha siwezi kumlipa da Masoka chumba. Nikitoka kwa da Masoka pa kwenda ni kule kwa Bisimwa. Unamjua Bisimwa. Safari hii hatavunja mkono tu."

"Utakaa kwangu."

"Kwako utakula nini wewe?"

Niliitazama saa. Dakika kumi na tisa.

Mngependa niwaambie kwamba nilikuwa na dada aliyekufa kwa homa ya uzazi, ndiyo maana moyo uliniuma. Sina. Dada zangu walikufa kwa mambo mengine. Mama Baridi sikumjua, na kwa kweli sikuwa na nafasi ya kumpenda. Moyoni kulikuwa na uchovu tu. Tangu nivuke ziwa, kila uamuzi mzito hunikuta nimechoka: nibebe sufuria au blanketi, nimsubiri mume wangu au niendelee na watu, nijiandikishe na jina lipi. Siku zote nilidhani nitaamua vizuri nikishapumzika, na sikuwahi kupumzika. Nilitamani mtu mwingine aingize mguu chini ya meza ile, hata kwa bahati mbaya.

Dakika ya tisa kutoka mwisho mwili ule ulianza kutetemeka. Si kujikunja, ni kutetemeka, ule mtetemo wa baridi ya ndani unaogonganisha meno. Ulipanda kutoka viganjani mwangu ukanifika mabegani, nami nikawa natetemeka pamoja naye, mpaka meza ikatingishika na kikombe cha Masoka kikaanguka. Wote waliuona. Hakuna aliyeniambia tena tulia.

Niliwatazama. Hawa wangenitukana, wangenisusa, wangenigeuzia visogo kisimani, na ningestahili. Lakini kesho wangekuwepo.

"Nisameheni," nikasema, nikakanyaga.

Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, ya haraka. "Mia tatu kumi na nane. Eleza."

"Siku ya tisa. Uzazi haujashuka. Unauma. Moyo unakimbia. Anatetemeka kwa homa, na homa ilikuwepo jana."

"Mashine inasema kawaida. Una hakika?"

"Nashika matumbo mwaka wa ishirini na sita huu. Mpeleke hospitali mwanamke, acha maswali."

"Toa mikono."

Glavu zikapoa, zikawa mpira mtupu. Nilipogeuka, nusu ya vigoda ilikuwa tayari haina watu.

*

Koku alikuja siku ya tatu akiwa na sanduku la chuma na fomu. Alikuwa na akili ya kusema lililo muhimu kwanza, kabla hata ya kuketi.

"Yuko hai. Walimtoa kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani. Daktari amesema angefariki usiku ule."

Masoka alisema, "Mungu asifiwe," akalisema kwa moyo, kisha akajifunika uso kwa kanga akalia kwa ajili ya glavu. Nilimwacha alie. Siku mbili hizo alikuwa hajanisemesha, na nilijua kwamba asubuhi ile alikuwa amewaambia wale wasichana wake watatu wasije tena. Walikuwepo wanne tu chumbani: Masoka, Nabintu na wengine wawili. Waliobaki hawakutaka kuniona.

Koku akazitia glavu sandukuni, akaitoa taa ya kijani ukutani. "Kibali kimefutwa, mama. Wamehesabu mikono ya watu kumi na wawili. Hawatawatafuta wengine kumi, hilo nimewaomba na wamekubali. Lakini kuna mmoja wanamtaka."

"Nani?"

"Mikono ya siku ya nane." Hakumwangalia mtu, aliangalia fomu. "Kumbukumbu inaonyesha ilisimama juu ya tumbo mara tatu. Ilijua, kisha ikaendelea kukanda kana kwamba hakuna kitu. Familia ya mteja inataka jina. Atakayeandikwa hapa hatapata kibali kambi yoyote, maisha yake yote."

"Andika Mwavita."

"Mama, kumbukumbu inasema si wewe."

"Kwani kibali kilikuwa cha nani? Waliingia kwa jina langu, watoke kwa jina langu. Andika, mwanangu. Mimi ni mzee, mwili umekwisha, kibali nitakifanyia nini?"

Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasema uongo pia. Nilikitaka kile kibali. Nilikitaka kama ninavyotaka usingizi. Koku alishusha pumzi, akaandika jina langu kwa herufi kubwa. Kisha akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza.

"Kuna jambo moja tena. Mteja mwenyewe ameomba kusema nanyi. Ni haki yake kwa mujibu wa mkataba."

Ikawa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Nilitegemea sauti ya mwanamke mkubwa, sijui kwa nini. Ilikuwa ya msichana, kavu kwa dawa, na nyuma yake kichanga kikilia.

"Hodi," akasema. "Wewe ndiye Mwavita?"

"Ndimi, mama. Pole sana. Hongera kwa mtoto."

"Asante." Kile kichanga kikaendelea kulia. "Wameniambia uliita daktari. Kisha wameniambia ulijua tangu siku iliyotangulia. Mimi nilikuwa peke yangu humu, mama. Mume wangu yuko safarini, mama yangu alishafariki. Nilikuwa nikihisi ile mikono nasema, haya, kuna mtu ananijua. Mbona ulininyamazia?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelipanga: niliogopa. Na halikuwa uongo, kwa kuwa ndani ya saa ile moja hata mimi nilimnyamazia kwa dakika hamsini na moja.

"Niliogo..."

"Siyo yeye."

Nabintu alikuwa amesimama. Masoka akamvuta kanga kumkalisha, naye akaiachia kanga mikononi mwa Masoka, akaja mezani. Nilimfanyia ishara anyamaze. Hakuniangalia hata kidogo.

"Siyo yeye, dada. Ni mimi. Naitwa Nabintu, wa bloku ya saba. Nilikugusa mara tatu nikajua. Nikaogopa nitakosa kazi nirudi kwa mume anayenipiga. Nikasema labda hutakufa." Akainama karibu na simu. "Yeye usimlaumu. Yeye hakuwepo."

Kule upande wa pili mtoto aliendelea kulia. Tukangoja. Niliona kalamu ya Koku imesimama juu ya karatasi, juu ya jina langu, naye akimtazama Nabintu kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwetu.

"Nabintu," ile sauti ikasema hatimaye, taratibu, kama mtu anayejifunza jina. "Wewe ndiye uliyekuwa ukinikanda mgongo alasiri, karibu na bega?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa napata usingizi hapo. Hapo tu." Akavuta pumzi ndefu. "Sitakusamehe leo, Nabintu."

"Sawa, dada."

"Nimechoka sana."

"Hata sisi," Nabintu akasema.

Simu ikazimika. Koku alikaa akiitazama fomu. Kisha, bila kuuliza mtu, akapiga mstari juu ya jina langu, akaisukuma karatasi mezani na kumpa Nabintu kalamu. Nabintu akainama, akaandika jina lake mwenyewe kwa ule mkono uliounga vibaya.